Wasioandikwa katika Daftari la Jumuiya

Kisiwa cha Goziba, ambacho ni kata mojawapo ya Wilaya ya Muleba ingawa kimetengwa na bara kwa mwendo mrefu wa maji ya Ziwa Viktoria, kwa walio wengi wa wakazi wake si mahali pa kuzaliwa wala pa kuzikwa, bali ni mahali pa kutafuta riziki. Nao hufika huko kutoka vijiji vya Bukoba na Muleba, kutoka Ukerewe na Mara, kutoka Geita na Kigoma, wakakaa kambini msimu mmoja au miwili na kuondoka riziki inapohama, au wakakaa miaka mingi pasipo kuacha kuitwa wageni.

Kazi yao kubwa ni dagaa. Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, mitumbwi hutoka na taa zake, ambazo zamani zilikuwa karabai na leo aghalabu ni za betri au za nguvu ya jua, na dagaa huufuata mwanga hata wakaingia wavuni. Asubuhi wanawake huwaanika juu ya mawe, mchanga na chanja, wakiomba mvua isiwafike kabla hawajakauka. Lakini mbalamwezi inapokuja taa hazina kazi tena, mitumbwi hupandishwa ufukoni, na kibarua ambaye ujira wake ni fungu la mauzo, baada ya tajiri kukata gharama za mafuta na chakula, hubaki hana fungu lolote, akala kwa deni kwa mama lishe na kuvuta sabuni kwa deni dukani, akingojea giza lirudi. Mtu wa namna hiyo akipatwa na maradhi katika siku zile ambazo mfuko wake ni mtupu, na jamaa zake wako ng'ambo ya maji na hawana habari, nani aliye karibu naye wa kumwauni? Swali hili naliuliza makanisa ya Kagera, kwa heshima na mapenzi, kwa sababu ndiyo yenye uwezo wa kulijibu, na kwa sababu historia yao inaonyesha kwamba yalipata kuyajibu maswali mazito kuliko hili.

Jina la Goziba lilivuka mipaka ya Tanzania katika mwaka 2023, na lilivuka kwa jambo la msiba. Tarehe 21 Machi mwaka huo ilitangazwa kwamba homa ya Marburg imeingia Mkoa wa Kagera, katika kata za Maruku na Kanyangereko za Bukoba Vijijini, na Shirika la Afya Duniani likaeleza katika taarifa zake kwamba mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka safarini Goziba. Watu 9 walihesabiwa kuwa wamepatwa, 6 kati yao wakafariki dunia. Zaidi ya 200 waliokaribiana nao wakafuatiliwa siku baada ya siku. Na tarehe 2 Juni maradhi yale yakatangazwa kuwa yamekwisha. Siyataji haya kwa nia ya kukitia kisiwa ila, maana maradhi hayana kwao. Nayataja kwa sababu waliofuata kuugua baada ya mtu wa kwanza walikuwa jamaa zake wa karibu na wahudumu wa afya, yaani wale waliomlisha, waliomwosha na waliomshika mkono, na jambo hilo ladhihirisha kwa uchungu mkubwa kwamba katika nchi yetu mzigo wa kumuuguza mgonjwa huwaangukia kwanza walio wa damu yake. Basi aliye mbali na damu yake hana wa kuubeba mzigo huo, isipokuwa awepo mtu ambaye dini yake imemfundisha kuubeba.

Rai yangu ni kwamba huduma ya usharika au parokia kwa wahitaji haipimwi kwa kile ambacho waumini wake hupeana wao kwa wao, hata kiwe kingi namna gani, bali kwa kile kinachomfikia mtu ambaye hajaandikwa popote katika madaftari yao. Kupeana wao kwa wao ni wema, na mimi siudharau. Lakini wema huo wapatikana pia katika ukoo, katika chama cha kuzikana na katika kikundi cha kuweka na kukopa, na haukuhitaji kanisa kujengwa ili upate kuwapo.

Watu wa Buhaya, nchi ya Wahaya, wanajulikana kwa kusaidiana. Mchumi Joachim De Weerdt alipokichunguza kijiji cha Nyakatoke, Bukoba Vijijini, katika mwaka 2000, aliziendea kaya zote 119 za kijiji kile, akauliza kila mtu ataje wale ambao anaweza kuwategemea wakati wa shida na wale wanaomtegemea yeye, iwe kwa fedha, kwa vitu au kwa nguvu za mikono. Majibu yalionyesha utando mpana wa fadhila, uliosokotwa kwa undugu, kwa ukoo, kwa ujirani, kwa marafiki wa marafiki, na kwa kuwa wa dhehebu moja. Hilo lapendeza kulisikia. Walakini utafiti ule ule ulionyesha kwamba kaya za mafukara zilikuwa na watu wachache wa kuwategemea kuliko kaya za wenye mali, maana yake aliye na dhiki nyingi ndiye aliye na milango michache ya kubisha. Na kama hali ni hiyo katika kijiji ambamo kila mtu ana kibanja chake na kaburi la babu yake, sina haja ya kueleza kwa maneno mengi hali ilivyo katika kambi ya wavuvi ambamo jirani wa leo ni mtu uliyeonana naye mwezi uliopita.

Mwenye kutaka kuona jinsi sharika za Kilutheri za Buhaya zinavyotoa na asimame nje ya kanisa Jumapili baada ya ibada, wakati wa mnada. Waumini ambao hawakuwa na fedha wameleta mikungu ya ndizi, maharage ndani ya vibaba, kahawa, mayai yaliyofungwa kwa majani ya mgomba, pengine na kuku aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa anauinua mkungu mmoja na kutaja bei, watu wanapandishana, mmoja anaununua, naye badala ya kwenda nao nyumbani anaurudisha mezani, ukanadiwa tena, na mara nyingine ukarudi mara ya tatu, hata mkungu mmoja ukaleta fedha za mikungu kadhaa. Hakuna anayelazimishwa. Watoto wanacheka, akina mama wanawasukuma waume zao waongeze bei, na mtunza hazina anaandika. Mimi naona katika mnada ule ukarimu ulio safi kabisa, wa watu ambao wengi wao si matajiri, na kila nionapo mkungu ukirejeshwa mezani husadiki kwamba makusudi ya kutoa hayajapungua katika nchi hii.

Ila lipo daftari. Mwenyekiti wa jumuiya analo, na ndani yake kila kaya ina mstari wake, na kila mstari una nafasi za mahudhurio, za zaka, za ahadi ya mwaka, za mchango wa ujenzi, za mchango wa harusi ya mchungaji au jubilei ya padri. Na katika sharika nyingi kila muumini ana namba yake iliyoandikwa juu ya bahasha zake za sadaka. Daftari lenyewe ni jambo la nidhamu, na chama kisicho na kumbukumbu hakidumu. Lakini limepewa madaraka ambayo hayakukusudiwa. Likifunguliwa penye msiba, kabla ya kuulizwa marehemu aliacha nani na watoto wake watakula nini, huulizwa kwanza kama alikuwa akihudhuria, na kama ahadi yake ilitimizwa. Na wako Wakristo waliokufa, si Kagera tu bali katika mikoa mingi ya nchi yetu, ambao jamaa zao walilazimika kulipa malimbikizo kwanza ndipo kengele ikapigwa na mtumishi akavaa joho. Mtu wa Goziba, ambaye ahadi yake iliandikwa katika usharika wa nyumbani miaka mitano iliyopita na tangu hapo nafasi zake ni tupu, amekwisha kuhukumiwa na karatasi kabla hajapata kusema neno.

Nani asiyejua kwamba kanisa la kwanza kabisa lilikabiliwa na jambo hili hili? Katika sura ya 6 ya kitabu cha Matendo ya Mitume imeelezwa kwamba palitokea manung'uniko Yerusalemu kwa sababu wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani, ambao walikuwa kama wageni katika mji ule, walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, ilhali wajane wa wenyeji walipata. Mitume hawakuwaambia wajane wale wakajiandikishe vizuri zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu 7 wenye sifa njema, na majina yote 7 yaliyochaguliwa ni majina ya Kiyunani, mmoja wao akiwa mwongofu kutoka Antiokia; yaani kazi ya kugawa ilikabidhiwa kwa watu waliokuwa karibu na wale waliosahauliwa. Huduma ambayo Walutheri wetu huiita diakonia huhesabiwa na Wakristo wengi kuwa ilipata asili yake siku ile, nayo ilianzishwa ili kumfikia mtu aliyeachwa nje ya orodha. Wala si Wakristo peke yao waliofundishwa hivi. Ndugu zetu Waislamu, ambao nao ni wengi Bukoba, wana mafungu 8 ya wanaostahiki zaka, na mojawapo ni la msafiri aliyekatikiwa na njia, hata kama huko kwao ni mtu mwenye mali.

Makanisa ya Kagera hayaanzi na mikono mitupu. Mapadri Weupe walifika Kashozi katika mwaka 1892, na wamisionari wa Kiprotestanti wa Betheli katika mwaka 1910, nao waliwakuta Wahaya ambao walikuwa wamekwisha kuisikia Injili kutoka Buganda na kuanza kusomeshana wenyewe kwa wenyewe. Kutokana na mbegu hizo zilitokea shule na hospitali ambazo mpaka leo ndizo kimbilio la watu: Ndolage ya Walutheri pale Kamachumu, Rubya na Kagondo za Wakatoliki, zote tatu katika Wilaya ya Muleba, wilaya ile ile ambayo Goziba imo. Na nchi hii ndogo ya Buhaya iliwatoa watu wawili ambao ulimwengu mzima uliwasimamia kwa heshima: Laurean Rugambwa, aliyefanywa Kardinali katika mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kupata daraja hiyo, na Askofu Josiah Kibira, ambaye Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni lilimchagua kuwa Rais wake katika mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1977, naye pia Mwafrika wa kwanza kuwekwa katika kiti hicho.

Lakini mtihani ulioonyesha kiini cha makanisa hayo ulikuja katika mwaka 1983, wakati wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walipotambuliwa Kagera. Miaka iliyofuata vijiji vizima vya Bukoba na Muleba vilijaa makaburi mapya, na nyumba zikabaki na bibi mzee na wajukuu, au na watoto peke yao wakiongozwa na kaka mwenye miaka 13. Ukoo, ambao ulikuwa tegemeo la karne nyingi, ulilemewa. Ami aliyekuwa awatwae watoto naye alikuwa amelala chini, na shangazi aliyekuwa awalishe alikuwa akimuuguza mumewe. Ndipo Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ilipoanzisha kazi yake iliyoitwa Huduma ya Watoto, ambayo watu wa huko huijua kwa jina la HUYAWA, na masista na makatekista wa Kikatoliki nao wakaingia katika nyumba ambazo majirani walikuwa wakizipita mbali kwa hofu. Somo kubwa la siku zile, kwa maoni yangu, ni kwamba kanisa liligundua kuwa utando wa undugu unaweza kukatika, na kwamba unapokatika haifai kusubiri ujisuke wenyewe. Goziba na visiwa vingine vya Muleba, Bumbiire, Ikuza, Mazinga na Kerebe, ni mahali ambapo, kwa wengi wa wakazi wake, utando huo haukupata hata kusukwa.

Najua wazee wa kanisa watanijibu nini, na jibu lao lina uzito. Watasema kwamba mchango wa mkulima wa kahawa ni jasho lake. Kwamba ametoa mwaka baada ya mwaka akitumaini kuwa siku ya msiba wake jumuiya itamsimamia. Na kwamba akimwona mwenzake, ambaye alipokuwa na fedha za samaki alizimaliza kwa pombe na hakukanyaga kanisani, anapewa jeneza na wimbo sawa na yeye, ataona insafu haipo, na bahasha yake ya mwakani itakuwa nyepesi. Hofu hiyo ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Lakini inachanganya mambo mawili ambayo yangepaswa kutenganishwa tangu mwanzo, yaani akiba ya waumini ya kusaidiana na sadaka. Akiba ina haki ya kuwa na masharti, na aliyeweka ndiye atoaye. Jumuiya ikitaka iwe na mfuko wake wa misiba wenye kanuni, na iwe nao. Sadaka ni kitu kingine. Ilipowekwa kapuni ilikwisha kutolewa kwa Mungu, na aliyeitoa hakubakiza ndani yake hisa wala deni, wala hakumwachia mtunza hazina sharti la kuuliza namba ya bahasha. Tukiviacha vitu hivi viwili viishi katika mfuko mmoja, daima akiba itaimeza sadaka, kwa sababu mwenye akiba ana sauti kikaoni na mhitaji asiye na mstari daftarini hana.

Kwa hiyo naomba kila usharika na kila parokia ya Bukoba na Muleba itenge fungu lake la mgeni, lihesabiwe peke yake, lisiguswe kwa bati wala kwa saruji. Sina haja liwe kubwa. Fedha za mkungu mmoja uliorudishwa mezani mara tatu, zikikusanywa kila Jumapili katika kanisa moja tu, kwa mwaka zatosha kufanya mambo ambayo leo hayafanyiki. Na makanisa ni mengi.

Na jambo la kwanza la kufanywa kwa fedha hizo ni kumpokea mgonjwa mwaloni. Mtu anayetoka kisiwani akiwa amelala juu ya magunia ya dagaa, ametetemeka kwa baridi ya ziwa usiku kucha, akifika ufukoni alfajiri hukuta watu waliokuja kupokea mizigo, si watu waliokuja kumpokea yeye. Nahodha ana haraka, vijana wa bodaboda wanataka nauli kwanza, na hospitali iko juu ya mlima. Akipatikana mtu mmoja wa kanisa, mwanamke wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, au mzee wa usharika, ambaye simu yake yajulikana na manahodha wote na mwinjilisti aliye kisiwani, mtu huyo akaja na blanketi, chupa ya uji na nauli ya kufika Kagondo au Rubya au Ndolage, akakaa naye hata akaandikishwa, akawapigia simu jamaa zake, basi maisha yataokoka ambayo sasa yanapotea baina ya ufuko na barabara. Mafunzo ya kujikinga nayo lazima yawepo, kwa kuwa yaliyotokea mwaka 2023 yalitufundisha kwamba huruma isiyo na maarifa huweza kumwangamiza mwenye huruma mwenyewe; na waganga wa wilaya, nina hakika, watafurahi kuwafundisha watu ambao watawapa habari za mgonjwa mapema, kabla hajapitishwa nyumba hadi nyumba.

La pili ni kumsitiri maiti. Mhaya hupenda kuzikwa katika kibanja cha kwao, chini ya migomba, na aliyekufa kisiwani husafirishwa kwa michango ya wavuvi wenzake, ambao hutoa mara moja bila kuulizana dini, jambo ambalo laonyesha kwamba watu wanaoitwa wahuni wana muruwa wao. Ila michango ile hukoma ufukoni; na kuna wengine ambao kwao ni mbali mno, au hapajulikani, nao huzikwa pale pale kisiwani haraka, pengine pasipo mtu wa kuwaombea. Kanisa ambalo limejaliwa mapadri, wachungaji, makatekista na wainjilisti wengi kiasi hiki haliwezi kushindwa kuhakikisha kwamba kila aliyebatizwa akifa Goziba anapata maombi, sanda na jina lake juu ya kaburi, na kwamba asiye Mkristo anapelekwa kwa walio wa imani yake kwa adabu ile ile. Hapa ndipo ningependa kuona Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Waislamu wakiwa na mfuko mmoja na nahodha mmoja, kwa sababu ziwa ni moja na gharama ya mafuta haibadiliki kwa madhehebu.

Kwa mtumishi wa kisiwani nina neno la kuongeza. Aghalabu kazi yote ya huko humwangukia mwinjilisti au katekista mmoja, ambaye posho yake ni ndogo na ambaye hupimwa kwa idadi ya waliobatizwa na kiasi cha sadaka iliyoletwa bara. Kwa kipimo hicho kisiwa kitaonekana daima kuwa na mavuno haba, maana aliyebatizwa leo amehama kesho na sadaka ya mbalamwezi ni sifuri. Apimwe kwa wagonjwa aliowatembelea, kwa waliosafirishwa, kwa watoto aliowafuatilia shuleni. Na fedha zitoke bara kwenda kwake, badala ya kungojewa kutoka kwake.

Mabaraza ya wazee na halmashauri za walei hukaa kila mwaka kupanga makisio ya mapato na matumizi. Katika makisio hayo pana fungu la ujenzi, la usafiri, la semina, la wageni mashuhuri. Naomba katika kikao kijacho mjumbe mmoja asimame na kuuliza fungu la mgeni asiye mashuhuri liko katika ukurasa gani, na kama halimo asikae chini mpaka limeandikwa, pamoja na kiasi chake, na jina la mtu atakayekwenda mwaloni.